Mustang Hupenda Kasi: Kuirusha P-51D kwa Ustadi Ndani ya DCS World

Wengi wanaoanza kuirusha P-51D Mustang, ndege ya kivita ya Marekani ya Vita vya Pili vya Dunia, ndani ya DCS World, mchezo wa kompyuta wa kuigiza urubani, huiacha mapema, na malalamiko yao hufanana: haipandi, haikati kona, injini inakufa katikati ya pambano, na ukiivuta kidogo tu inageuka tumbo juu na kuanguka. Malalamiko yote manne ni ya kweli, na karibu kila mara chanzo chake ni kimoja: ndege imerushwa polepole. Mustang ikiwa chini ya maili 200 kwa saa ni ndege nzito yenye bawa lisilosamehe. Ikiwa juu ya maili 300 inakuwa kitu kingine kabisa, tulivu, nyepesi mkononi, yenye uwezo wa kufanya mambo ambayo adui wake hawezi kuyafuata.

Hapo pana kosa la kuelewa ambalo lazima liondolewe mwanzoni. Watu husikia kwamba Mustang ilikuwa ndege ya kasi, wakadhani ushindi wake ni kuwakimbia wengine kwenye mstari ulionyooka. Tuangalie takwimu. P-51D ilifikia takriban maili 437 kwa saa kwenye futi 25,000. Bf 109 K-4 ya Kijerumani, adui wake wa kawaida ndani ya DCS, ina kasi ya juu inayokaribiana sana na hiyo, na karibu na ardhi tofauti yao ni ndogo mno kukuokoa. Tena K-4 ni nyepesi kwa zaidi ya tani moja: Mustang iliyojazwa matangi yote ya ndani ina takriban kilo 4,600, K-4 takriban kilo 3,400. Na wakati Merlin, injini ya Mustang, inatoa kama nguvu za farasi 1,700 kwenye shinikizo la juu la dharura, injini ya K-4 inavuka 1,800 kwa kuchomewa mchanganyiko wa maji na methanoli. Nguvu zaidi, uzito pungufu: kupanda na kukata kona za polepole ni mali ya Mjerumani, na hakuna ujanja wa vidole utakaobadilisha hilo.

Kilicho chako ni hiki: kwenye kasi kubwa, usukani wa K-4 hukakamaa. Rubani wake anavuta stiki kwa nguvu zote na pua inapanda kidogo kidogo tu, na hana trimu (kirekebishi kinachoushikilia usukani mahali pake bila kuushika) ya usukani wa mkia anayoweza kuigusa akiwa hewani. Mustang kwenye kasi hiyohiyo bado inatii. Kwa hiyo Mustang inashinda kwa sababu inabaki kuwa ndege pale ambapo nyingine zimekuwa chuma. Kazi yako yote, kuanzia kujaza mafuta hadi kufyatua risasi, ni kulihamishia pambano huko na kulizuia lisishuke.

Historia yake inaeleza tabia hii. North American Aviation iliibuni kwa ajili ya Uingereza, na mfano wa kwanza, NA-73X, uliruka tarehe 26 Oktoba 1940 ukiwa na injini ya Allison ambayo ilichoka haraka kwenye miinuko ya juu. Mwaka 1942 Rolls-Royce ilijaribu kuifunga injini ya Merlin huko Hucknall, na mwishoni mwa 1943 ndege zenye Merlin iliyotengenezwa na Packard zilianza kusindikiza ndege za mabomu za Marekani ndani kabisa ya Ujerumani. Bawa lake lilichongwa ili hewa iteleze juu yake bila msukosuko kwa umbali mrefu kuliko mabawa ya kawaida ya wakati huo. Bawa la namna hiyo hulipa kwenye kasi na hudai kwenye upole. Hii ni ndege iliyotengenezwa kwenda mbali, juu na haraka.

Habari njema kwa asiye na fedha ya kununua chochote: DCS World yenyewe ni ya bure, na huja na TF-51D, yaani Mustang ya viti viwili isiyo na silaha. Ukiondoa kufyatua, karibu kila kitu kilichoandikwa hapa kinaweza kufanyiwa mazoezi humo, kwenye ramani ya Caucasus inayokuja nayo bure pia. Ningemshauri mtu asinunue P-51D hadi aweze kuipaisha na kuitua TF-51D pale Batumi bila kuigusa nyasi.

Kuhusu vifaa, stiki yenye kichwa kinachozungushwa badala ya pedali inatosha kuanzia. Ingia kwenye mipangilio ya mihimili, uiwekee mhimili wa kuvuta na wa kulaza mkunjo wa 15 hadi 20, ili katikati pawe laini. Stiki fupi ya mezani ni kali kuliko stiki ndefu ya ndege halisi. Kwenye mipangilio maalumu ya Mustang kuna msaada wa kuruka na usukani wa mkia wa kujiendesha. Vizime vyote viwili. Vinaingilia miguu yako wakati ambapo miguu ndiyo inapaswa kujifunza. Na kama huna kifaa cha kufuatilia kichwa, programu ya bure ya OpenTrack pamoja na kamera ya kompyuta hufanya kazi hiyo vizuri. Kupigana bila kuweza kugeuza kichwa haraka ni kupoteza faida ya kile kioo cha kuba kilichowekwa kwenye P-51D makusudi.

Sasa mafuta, kwa sababu pambano linaweza kupotea kabla hujawasha injini. Kila bawa lina tangi la galoni 92 za Kimarekani, na nyuma ya kiti kuna tangi la galoni 85. Hilo la nyuma liliongezwa ili ndege ifike mbali, nalo likijaa linaweka takriban kilo 230 nyuma ya kitovu cha uzito. Matokeo yake unayasikia mkononi: unaanza kukata kona, unavuta stiki, halafu ghafla stiki inakuwa nyepesi na ndege inataka kujikaza yenyewe zaidi ya ulivyoomba. Ukichelewa kusukuma mbele, bawa linaachia. Marubani wa vita waliagizwa kulitumia tangi hilo kwanza, mpaka zibaki kama galoni 25 au 30, kabla ya kukutana na adui. Kwenye DCS huna sababu ya kulijaza kwa safari fupi. Jumla ya mafuta ya ndani ni galoni 269 na mabawa yanabeba 184, kwa hiyo weka asilimia 68 au chini yake, kisha hakikisha kwa macho: kipimo cha tangi la nyuma kiko nyuma ya kiti upande wa kushoto, vya mabawa viko sakafuni kulia na kushoto. Washa na kuruka kwa tangi la kushoto, kwa sababu mafuta yanayorudishwa kutoka kwenye kabureta huenda huko. Ukianza na jingine huku la kushoto limejaa, yanamwagika nje. Baadaye badilisha mara kwa mara ili bawa moja lisiwe zito kuliko jenzake. Injini ikikohoa ghafla bila risasi kukugusa, mkono uende kwenye swichi ya matangi kabla ya kitu kingine chochote.

Kuwasha injini ni kazi ya dakika moja ukishaizoea: betri na jenereta, pampu ya mafuta, throtoli (wenzo wa nguvu) mbele kidogo tu, wenzo wa propela mbele kabisa, mchanganyiko wa mafuta na hewa kwenye kufungwa, pampu ya kuanzia mara tatu au nne injini ikiwa baridi, magneto (vitoa cheche) zote mbili, shikilia stata, na silinda zikianza kushika peleka mchanganyiko kwenye kazi. Kisha subiri. Oili ifike nyuzi 40 za Selsiasi na maji ya kupozea nyuzi 60 kabla ya kudai nguvu. Oili baridi ni nzito, na kuilazimisha ipite kwa shinikizo kubwa ni njia ya haraka ya kuharibu injini nzima ungali ardhini.

Kutembea ardhini kunawachanganya wengi kwa sababu ya gurudumu la nyuma. Stiki ikivutwa nyuma ya katikati, gurudumu hilo linafungwa na kufuata pedali kwa nyuzi sita tu kila upande. Stiki ikisukumwa mbele, linaachiwa lizunguke litakavyo. Basi njia iliyonyooka: stiki nyuma. Kona kali: stiki mbele, breki ya upande mmoja kidogo, kisha stiki nyuma tena mara tu pua inapoelekea unakotaka. Pua ndefu inaziba mbele, kwa hiyo endelea kuyumba kushoto na kulia uone njia.

Kabla ya kuruka, weka trimu ya usukani wa mkia nyuzi 6 kulia. Propela ya Mustang inazunguka kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka kitini, na nguvu ikipanda pua inavutwa kushoto. Jipange katikati ya njia, nenda mbele mita chache ili gurudumu la nyuma linyooke, vuta stiki, halafu ongeza throtoli taratibu. Taratibu ndilo neno lote. Ukifika inchi 40 za shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, ndege tayari inakwenda na usukani wa mkia una upepo wa kufanyia kazi. Hapo endelea hadi 55 au 61. Anayekwenda moja kwa moja hadi 61 akiwa amesimama anampa propela nguvu zote wakati mkia hauna upepo wa kutosha kujibu, na kwenye sekunde ya tatu yuko nyasini upande wa kushoto. Kosa la pili ni kuunyanyua mkia kwa pupa: diski ya propela inayoinamishwa ghafla husukuma pua kushoto mara nyingine tena. Shikilia stiki nyuma mpaka kasi ipite maili 60 hivi, iachie polepole, mkia utainuka wenyewe, na ndege itaondoka ardhini karibu na maili 110 hadi 120 ukiwa umeisaidia kidogo tu.

Sasa tufike kwenye injini, mahali ambapo Mustang nyingi hufia bila kupigwa risasi hata moja. Una wenzo mbili za kuzingatia: throtoli, inayopimwa kwa inchi za zebaki, na propela, inayopimwa kwa mizunguko kwa dakika. Mipaka ya kukariri ni mitatu. Inchi 46 na mizunguko 2,700 ni nguvu ya kudumu, kaa humo utakavyo. Inchi 61 na 3,000 ni nguvu ya kijeshi, dakika 15. Inchi 67 na 3,000, baada ya kuvunja waya wa throtoli, ni ya dharura, dakika 5. Unapoongeza nguvu, tangulia na propela kisha throtoli. Unapopunguza, tangulia na throtoli kisha propela. Ukigeuza utaratibu huo, unakuwa na shinikizo kubwa ndani ya silinda zinazozunguka polepole, mafuta yanalipuka badala ya kuungua, na pistoni hazivumilii hilo kwa muda mrefu.

Lakini dakika hizo 15 zina sharti ambalo saa haikuonyeshi: upepo. Rejeta ya Mustang iko tumboni, na inapoa kwa hewa inayoingia kwa kasi ya ndege. Inchi 61 kwenye maili 320 ni jambo la kawaida. Inchi 61 huku pua iko juu na kasi imeshuka hadi 140, ukijaribu kumfuata K-4 anayepanda kwa kujizungusha, ni dakika chache tu kabla maji hayajachemka. Hapa ndipo unaona kwamba lalamiko la injini kufa na lalamiko la ndege kutopanda ni lalamiko moja. Maji yakae kati ya nyuzi 100 na 110, na 121 ndiyo kikomo. Oili kati ya 70 na 80. Milango ya rejeta iache kwenye kujiendesha, ila sindano ikianza kupanda kuelekea kikomo usiitazame tu: shusha pua, ruhusu kasi ifike 200 na zaidi, rudi 46 na 2,700, na ikibidi fungua mlango wa maji kwa mkono ukihesabu sekunde. Kupanda kwa kawaida kufanywe kwenye maili 170 hivi kwa nguvu ya kudumu. Jicho lipite kwenye vipimo hivyo kila baada ya kona moja au mbili, hata pambano likiwa moto.

Supachaja, yaani pampu inayosukuma hewa ndani ya injini, ina mwendo wa chini na wa juu, na swichi yake ikiwa kwenye kujiendesha hubadilika yenyewe mahali fulani kati ya futi 14,500 na 19,500, kutegemea hewa inavyosukumwa ndani. Utaliona shinikizo linashuka taratibu unapopanda, kisha linaruka juu. Usishtuke, usiguse throtoli. Iache swichi ilipo.

Trimu inastahili maneno zaidi kuliko inavyopewa. Mustang ina trimu za mihimili yote mitatu, na kila mabadiliko ya kasi au nguvu yanaitaka. Kupanda kwa nguvu kunahitaji usukani wa kulia; kupiga mbizi kunahitaji wa kushoto. Tazama kipira kwenye bomba lake chini ya vipimo: kikiwa upande, ndege inaruka kimshazari, tumbo la upande mmoja linakula upepo, na kasi inavuja bila wewe kuisikia. Wenye subira huishika kasi ya safari ya maili 300, wanatrimu hadi waweze kuiachia stiki, halafu wanaichukulia hali hiyo kama nyumbani: wanajua kwamba kwenye 250 watahitaji pedali kidogo ya kulia, na kwenye 400 kidogo ya kushoto. Fungua kionyeshi cha mikono na miguu kwa Ctrl ya kulia pamoja na Enter, uone stiki yako iko wapi hasa. Wanaodhani wameituliza ndege hugundua wamekuwa wakiisukuma pembeni muda wote. Na risasi haisamehi hata kidogo kipira kilichotoka katikati: ndege inayoteleza kando inarusha risasi kando.

Sasa pambano lenyewe. Kwa hesabu rahisi, urefu ni kasi ambayo bado haijatumika, na kasi ni urefu uliokwisha kutolewa. Kila kona kali inateketeza vyote viwili. Kwa hiyo ingia pambanoni ukiwa juu ya adui, futi 3,000 au zaidi ikiwezekana, na usishuke chini ya maili 250 ila kwa sababu unayoweza kuitaja. Piga mbizi kutoka juu na nyuma, fyatua mara moja kwa sekunde moja au mbili, kisha ondoka. Kuondoka ndiko kunakowashinda watu. Adui amekata kona, anaonekana kabisa pembeni ya kioo, mkono unataka kumfuata. Usimfuate. Nyoosha mabawa, acha kasi ikupeleke mbele na juu kwa pembe ya wastani, mtazame nyuma, na ugeuke ukiwa na nafasi. Akikata kona kali, yeye ndiye anayelipa. Ukimrudia baada ya sekunde 30, yuko polepole zaidi na wewe bado uko juu.

Kama umeingia kwa kasi kubwa mno na utampita, usikaze kona. Inua pua juu kidogo nje ya kona yake, laza mabawa, mwangalie akipita chini yako, kisha mshukie ndani. Ujanja huo hugeuza kasi ya ziada kuwa urefu badala ya kuitupa. Flapu, vile vibamba vya nyuma ya bawa, nyuzi 10 zinaruhusiwa hadi maili 400, na zinasaidia kuikaza kona kwa sekunde chache. Nyuzi 20 mwisho wake ni 275. Ziondoe mara tu zilipokwisha kazi, kwa sababu zinakula kasi bila kelele.

Akiwa nyuma yako, fahamu silaha yake. K-4 ina mzinga wa milimita 30 wenye risasi 65 tu, na risasi hizo ni za polepole. Akiwa umbali wa zaidi ya mita 400 na wewe hupiti mstari ulionyooka, kukupiga ni kazi ngumu. Basi kama una urefu, piga mbizi, jipe maili 400 na zaidi, kisha kata kona ya wastani: huko stiki yake ni nzito na yako si nzito. Kama huna urefu na huna kasi, umefika mahali ambapo Mustang haina jibu zuri, na marubani wazuri hujulikana kwa kutofika hapo. Kwa Fw 190 D-9, ndege nyingine ya Kijerumani, tahadhari ni nyingine. Hiyo hubingiria upesi sana, kwa hiyo ikibadilisha upande usijaribu kuiga kila mgeuko. Baki juu na usubiri imalize. Katika kona ndefu isiyo na pupa Mustang inaiweza.

Mbizi nayo ina ukomo. Kwenye miinuko ya chini mstari mwekundu ni maili 505 kwa saa, na juu zaidi kipimo kinachosomeka kinapaswa kuwa kidogo, kwa sababu kinachokuumiza huko ni kuikaribia kasi ya sauti. Dalili zake ni mtetemo, pua inayotaka kushuka zaidi, na stiki isiyojibu. Anayevuta kwa nguvu zote hapo, au kuzungusha trimu nyuma, anaweza kung'oa mabawa ndege itakapofika kwenye hewa ya joto zaidi chini na stiki kuamka ghafla. Punguza throtoli, shikilia kwa utulivu, subiri hewa nzito, kisha toka taratibu. Angalia pia mizunguko: 3,240 ndiyo kikomo cha mbizi.

Na stoli, yaani bawa kuachia hewa na kuacha kubeba. Bawa la Mustang linatetemeka kidogo tu kabla ya kuachia kwenye kona kali, na kuachia kwenyewe ni kwa upande mmoja, kwa ghafla. Usipolegeza stiki mara moja, ndege inaanza kuzunguka kama pia. Hapo funga throtoli kabisa, kwa sababu nguvu ikiwepo inaiweka pua juu na kuendeleza mzunguko. Kanyaga pedali ya upande wa pili hadi mwisho, kisha peleka stiki mbele ya katikati, mabawa yakiwa yameachwa bila kulazwa. Mzunguko ukikoma, rudisha pedali katikati na inua pua polepole, maana kuvuta kwa hofu kunaanzisha stoli ya pili. Hayo yote yanakula maelfu ya futi. Fanya zoezi hili kwenye TF-51D ukianzia futi 15,000, pande zote mbili, mpaka mguu unakwenda wenyewe. Na chini ya futi 5,000 jiwekee sheria ya kutokaza kona hadi mtetemo.

Shabaha. Kilengeo cha K-14 ndicho kifaa bora zaidi ndani ya ndege hii, na hutumiwa vibaya kuliko vyote. Kina duara la vialama sita linaloongozwa na jairo (gurudumu linalozunguka kwa kasi na kuhisi mgeuko wa ndege): unaiambia upana wa mabawa ya adui na umbali wake, nayo inakokotoa ni wapi mbele yake uelekeze bunduki. Upana unawekwa kabla ya pambano, kwenye kipimo cha futi 30 hadi 120. Bf 109 ni kama futi 32 na nusu, Fw 190 kama 34 na nusu, kwa hiyo 33 au 34 inafaa kwa wote wawili. Umbali unawekwa kwa kuzungusha mshikio wa throtoli mpaka vialama viguse ncha za mabawa yake. Ufunge mhimili huo kwenye kigurudumu au kitelezi cha stiki yako, maana kufanya kazi hiyo kwa vitufe ni mateso.

Tatizo ni kwamba jairo inahitaji utulivu. Ukiipeleka pua kwa mshtuko, duara linabaki nyuma, kisha linapita, na wewe unalifukuza. Weka adui ndani ya duara kwa mwendo laini usiobadilika kwa takriban sekunde nzima, ndipo hesabu yake inakuwa ya kweli. Ukishindwa kumshikilia hivyo, maana yake ni kwamba uko karibu naye mno kwenye kona, au kasi yako na yake hazilingani. Hapo tumia duara lisilosogea na ukadirie mwenyewe. Na kabla ya yote, swichi ya bunduki iwe imeinuliwa kwenye kufyatua, si kwenye kamera na kilengeo pekee.

Bunduki ni sita za nusu inchi, tatu kila bawa: mbili za ndani zina risasi 400 kila moja, nne nyingine 270 kila moja, jumla 1,880. Kwa mwendo wao, hizo nne zinakauka baada ya kama sekunde 20 za kufyatua mfululizo, na mbili za ndani zinabaki peke yake kwa sekunde 10 hivi. Ni risasi nyingi ukizigawa kwa sekunde moja moja. Fyatua ndani ya yadi 300, mahali ambapo risasi za mabawa yote mawili zinakutana. Ukianza kwenye 600 unamwonya tu. Lenga injini na mzizi wa bawa. Risasi hizi hazibomoi kama mzinga, zinatoboa, na rejeta iliyotobolewa inatosha.

Yako pia ni hivyohivyo. Ukiona mvuke mweupe nyuma, au sindano ya maji ikicheza ovyo, una dakika chache. Shusha nguvu, elekea uwanja, ubadilishe kasi uliyo nayo kuwa urefu mara moja, kwa sababu urefu huo ndio utakaoteleza nao propela itakaposimama.

Kutua hakuna siri ukiheshimu namba. Magurudumu yashushwe chini ya maili 170. Flapu nyuzi 30 zingoje 225, 40 zingoje 180, na 50 zingoje 165. Propela ipelekwe 2,700, ili nguvu iwepo ukilazimika kurudi juu, pampu iwashwe, tangi lililo na mafuta zaidi lichaguliwe. Njoo kwa kona ndefu ili uuone uwanja pembeni ya pua, shika 120 kwenye mstari wa mwisho, na uvuke ukingo wa njia karibu na 110. Punguza throtoli taratibu, usiikate. Ukiikata juu ya njia ndege hudondoka kwa bawa moja. Na kama umeamua kurudi juu, usisukume throtoli hadi mwisho kwa mkupuo: kwenye kasi hiyo, flapu zote zikiwa chini na trimu si ya kuruka, nguvu ya propela inaweza kuilaza ndege kushoto kuliko stiki inavyoweza kuizuia. Inchi 40 kwanza, pedali ya kulia, magurudumu juu, kisha flapu nyuzi 10 kwa 10 kasi inavyopanda. Ukigusa chini, vuta stiki nyuma kabisa gurudumu la mkia lijifunge, na usiguse breki mpaka ndege iwe imenyooka. Miguu iendelee kufanya kazi hadi ndege isimame kabisa.